Uzamili wa utafiti na uzamili wa kitaalamu: uchaguzi unaomngoja kila mwanafunzi wa Maniema

Shahada ya uzamili ni ngazi ya katikati katika elimu ya chuo kikuu: chini yake kuna shahada ya kwanza, juu yake kuna udaktari wa falsafa. Karibu kila nchi inaitoa, na nchi nyingi zinaitoa kwa sura mbili. Ya kwanza ni uzamili wa utafiti, unaomwandaa mtu kutafuta maarifa mapya na hatimaye kufundisha chuoni. Ya pili ni uzamili wa kitaalamu, unaomwandaa mtu kufanya kazi fulani kwa ustadi wa juu: kuongoza huduma za afya, kusimamia mgodi, kukagua shule, kutunza msitu, kuendesha benki. Nchi moja huzitenganisha sura hizi kwa sheria, nyingine kwa desturi, nyingine imezichanganya. Kwa hiyo vyeti viwili vyenye jina moja vinaweza kumfikisha mwenye navyo mahali tofauti kabisa.

Kwa muda mrefu jambo hili halikuwahusu watu wengi wa Punia, katika jimbo la Maniema nchini Kongo. Kijana aliyefaulu Exetat, mtihani wa mwisho wa sekondari, na kupata diploma ya Serikali alishuka Kindu kusoma katika Chuo Kikuu cha Kindu au katika ISP, chuo cha kuandaa walimu wa sekondari. Mwingine alikwenda Kisangani, Bukavu au Lubumbashi. Huko alisoma miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya licence, na akarudi nyumbani akiwa amefika kileleni mwa masomo ya kawaida. Leo miaka hiyo mitano imegawanywa upya. Mitatu ya kwanza ndiyo licence, na miwili inayofuata ni uzamili. Anayetaka kufika pale alipofika kaka yake kwa mfumo wa zamani hana budi kupita kwenye uzamili, na anapofika mlangoni lazima ajue ni uzamili wa aina gani. Uchaguzi uliokuwa wa wachache umekuwa wa kila mwanafunzi.

Mambo manne yanayotenganisha aina hizi mbili

Tofauti ya kwanza ni lengo. Uzamili wa utafiti huanza na swali ambalo elimu bado haijalijibu. Uzamili wa kitaalamu huanza na kazi ambayo lazima ifanyike vizuri. Mwanafunzi wa kwanza hupimwa kwa uwezo wa kuuliza, kukusanya ushahidi na kutetea hoja mbele ya jopo la wasomi. Wa pili hupimwa kwa uwezo wa kutumia maarifa yaliyopo katika mazingira ya kazi, yenye haraka, uhaba wa fedha na watu wa kuongozwa.

Tofauti ya pili ni muundo wa masomo. Katika uzamili wa utafiti, tasnifu, ambayo wanafunzi wa Kongo huiita mémoire, hubeba sehemu kubwa ya alama, na masomo ya darasani huelemea nadharia na mbinu za utafiti. Katika uzamili wa kitaalamu masomo ya darasani ni mengi zaidi, na mwishoni kuna staji katika ofisi, kampuni au hospitali, ikifuatiwa na ripoti au mradi. Anayesimamia si profesa peke yake. Mara nyingi yupo pia mtu wa kazini anayetoa alama.

Tofauti ya tatu ni sifa za kujiunga. Uzamili wa utafiti hutazama zaidi alama za shahada ya kwanza. Uzamili wa kitaalamu mara nyingi hutaka pia uzoefu wa kazi, kwa sababu masomo yenyewe hujengwa juu ya yale ambayo wanafunzi wameyaona makazini.

Tofauti ya nne, na nzito kuliko zote, ni njia inayofunguka baadaye. Uzamili wa utafiti huelekea kwenye udaktari. Uzamili wa kitaalamu huelekea kwenye soko la ajira, na katika nchi kadhaa aliyeupata hawezi kuandikishwa kwenye udaktari mpaka aongeze masomo ya utafiti.

Machimbo ya bati ya Punia yanazionyesha tofauti hizi kwa karibu. Bati limechimbwa hapa tangu zama za Wabelgiji, chini ya kampuni ya Symétain na kisha SOMINKI, iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za mashariki. Bei ya bati ilianguka duniani mwaka 1985, kampuni ikadhoofika na hatimaye kuondoka, na kazi ikabaki mikononi mwa wachimbaji wadogo. Mwanafunzi wa jiolojia anayefanya uzamili wa utafiti anaweza kuuliza kwa nini madini ya kasiteriti yamejikusanya kandokando ya miamba ya graniti ya eneo hili. Atakusanya sampuli, atazipeleka maabara, atalinganisha matokeo na yale ya Kalima au ya Rwanda, na tasnifu yake itasomwa na wanajiolojia wenzake. Mwenzake wa uzamili wa kitaalamu ataangalia shimo lile lile kwa jicho jingine: namna ya kuzuia udongo usiporomoke wakati wa mvua, namna ya kutoa maji, namna ushirika wa wachimbaji unavyopaswa kuandika uzalishaji wake ili mzigo ukubalike sokoni. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa 2018 inawataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya ushirika unaotambuliwa, na serikali ina idara ya kuwasaidia, SAEMAPE. Ripoti ya mwanafunzi huyu itasomwa na viongozi wa ushirika na maofisa wa idara hiyo. Kazi zote mbili zinahitajika. Ila ya kwanza haimfundishi mtu kuendesha ushirika, wala ya pili haimtoshelezi kuwa mtafiti wa miamba.

Kongo: kutoka graduat hadi LMD

Elimu ya chuo kikuu ya Kongo ilizaliwa kwa mtindo wa Ubelgiji. Lovanium ilifunguliwa 1954 karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo. Chuo Kikuu Rasmi kikafuata Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956, na Chuo Kikuu Huru Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1963. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyote kuwa UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Mwaka 1981 kiligawanywa tena, vikazaliwa vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani.

Mfumo uliotumika kwa miongo mingi ulikuwa wa graduat na licence. Graduat ilimalizika kwa kazi ndogo ya maandishi, maarufu kama TFC, na licence kwa mémoire. Ni waliobaki chuoni kama wasaidizi wa maprofesa, au waliopata ufadhili, walioendelea na DES au DEA, masomo ya miaka kama miwili yaliyomwandaa mtu kwa udaktari. Hizo ndizo zilizokuwa mahali pa uzamili wa utafiti. Kwa upande wa kazi ilikuwapo DESS, stashahada ya juu ya ubobezi, iliyotolewa na taasisi chache.

Mbili kati ya taasisi hizo zinastahili kutajwa. Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, iliyoanza katika miaka ya 1980, imewafundisha madaktari wengi wanaoongoza maeneo ya afya nchini. Shule ya ERAIFT, iliyoanza 1999 Kinshasa kwa msaada wa UNESCO, huwafundisha Waafrika wa nchi mbalimbali usimamizi wa misitu na ardhi za tropiki. Ilianza kwa kutoa DESS pamoja na udaktari. Taasisi zote mbili zinaonyesha kwamba masomo ya kitaalamu ya ngazi ya juu yalikuwapo Kongo kabla ya mageuzi, ila yalikuwa Kinshasa na yalikuwa ya wachache.

Mageuzi yalipata msingi katika sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014, na kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022 mfumo wa LMD, yaani licence, master na doctorat, ulienezwa kwenye vyuo vya nchi nzima. Licence ina miaka mitatu na krediti 180, master miaka miwili na krediti 120, kisha udaktari wa miaka mitatu au zaidi. Ndani ya mfumo huu master inaweza kuwa ya utafiti au ya kitaalamu.

Matokeo ya kwanza ya mageuzi haya ni kwamba nchini sasa kuna vyeti viwili vinavyoitwa licence: kimoja cha miaka mitano ya masomo, kingine cha mitatu. Ofisa wa ajira wa Kindu, na zaidi yule wa Dar es Salaam au Brussels, lazima aangalie mwaka na mfumo kabla ya kukadiria uzito wa karatasi aliyoshika. Mwenye cheti naye anapaswa kuambatanisha orodha ya masomo na krediti, kwa sababu jina la shahada peke yake halisemi kitu.

Matokeo ya pili yanahusu vyuo vyenyewe. Uzamili wa utafiti unahitaji maprofesa wa kusimamia tasnifu, maabara, vitabu na intaneti ya uhakika. Vyuo vya mikoani vimezoea kutegemea maprofesa wageni wanaokuja kufundisha somo zima kwa siku chache na kuondoka; utaratibu huo hubeba mihadhara, lakini hauwezi kubeba usimamizi wa tasnifu ya mwaka mzima. Uzamili wa kitaalamu una mahitaji yake: kampuni, hospitali na ofisi zilizo tayari kumpokea mwanafunzi, na mtu wa kazini mwenye muda wa kumwongoza. Chuo kinachotangaza master bila kuwa na kimojawapo kinatoa mwaka wa nne na wa tano wa masomo ya kawaida kwa jina jipya.

Mahitaji ya jimbo yanaonyesha kwamba aina zote mbili zina nafasi. Daktari mkuu wa eneo la afya, ambaye wahudumu humwita MCZ, hufanya kazi ambayo shule ya tiba haikumfundisha: kupanga chanjo katika vijiji visivyofikika kwa gari, kufuatilia surua na mpox, kugawa bajeti ndogo, kuongoza wauguzi. Unaomfaa ni uzamili wa afya ya umma wa kitaalamu. Lakini wahadhiri watakaomfundisha lazima watoke kwenye njia ya utafiti. Huko Kisangani, mradi wa FORETS, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na CIFOR, shirika la utafiti wa misitu, uliwagharamia wanafunzi wa uzamili na udaktari wa misitu, wengi wakifanya kazi zao Yangambi, ambako utafiti wa kilimo ulianza tangu 1933. Maniema, jimbo la misitu lililo jirani, linahitaji watu wa namna hiyo pia.

Ufaransa na Ubelgiji

Ufaransa ndiyo iliyozitenganisha njia hizi kwa uwazi zaidi, kisha ikaziunganisha. Kwa miongo kadhaa ilikuwa na DEA kwa wanaoelekea kwenye utafiti na DESS kwa wanaoelekea kazini. Mwaka 1999 nchi 29 za Ulaya zilitia saini Azimio la Bologna, zikakubaliana kuwa na ngazi zinazofanana. Mwaka 2002 Ufaransa ilianzisha master ya krediti 120, na zile stashahada mbili zikageuka kuwa master ya utafiti na master ya kitaalamu. Utaratibu mpya wa Januari 2014 uliondoa mgawanyo huo rasmi: leo diploma ya taifa ni master moja, na tofauti imo ndani ya mkondo ambao mwanafunzi ameufuata.

Hata hivyo mgawanyo haukufa. Anayeomba udaktari Ufaransa anatakiwa kuonyesha kwamba masomo yake yalithibitisha uwezo wake wa kufanya utafiti. Aliyemaliza kwa staji na ripoti, bila tasnifu, hupata shida hapo ingawa cheti chake kimeandikwa master kama cha mwenzake. Mwanafunzi mgeni ajihadhari pia na vyeti vinavyotolewa na shule za biashara na uhandisi kwa jina la mastère spécialisé. Ni masomo ya kitaalamu yanayoheshimiwa na waajiri, ila si diploma ya taifa ya master.

Ubelgiji, ambako Wakongo wengi husoma, vyuo vikuu vinavyotumia Kifaransa hugawanya master ya krediti 120 kwa malengo. Lengo la kina huelekea kwenye utafiti, na lengo la ubobezi huelekea kwenye kazi maalumu. Kando yake ipo master ya ubobezi ya krediti 60, inayosomwa na mtu ambaye tayari ana master au kiwango kinacholingana nayo. Ufadhili wa ARES, shirika la vyuo hivyo, kwa watu wa nchi za Kusini hutolewa hasa kwa masomo ya aina hii, na huwataka waombaji wenye uzoefu wa kazi. Mkongo anayeupata hurudi na ujuzi wa thamani kubwa, lakini anapaswa kufahamu tangu mwanzo kwamba mwaka huo mmoja ulitengenezwa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya udaktari.

Ujerumani, Italia na Hispania

Ujerumani hutofautisha kwanza chuo chenyewe. Kuna vyuo vikuu vya kawaida na kuna vyuo vya sayansi tumizi, vilivyozoeleka kama Fachhochschule, vyenye uhusiano wa karibu na viwanda. Master za pande zote mbili zina hadhi moja kisheria na zote zinaruhusu kuomba udaktari, ingawa haki ya kutoa udaktari imebaki zaidi kwa vyuo vikuu. Tofauti ya pili ni kati ya master inayoendeleza shahada ya kwanza moja kwa moja na master ya kujiendeleza, inayodai angalau mwaka mmoja wa kazi na ambayo kwa kawaida hulipiwa ada. Ufadhili wa EPOS wa shirika la DAAD, unaowalenga watu wa nchi zinazoendelea, huomba miaka miwili ya kazi.

Italia na Hispania ndizo zenye mtego mkubwa kwa mgeni. Italia, shahada inayolingana na uzamili wa kawaida, ile inayofungua udaktari, huitwa laurea magistrale. Cheti kinachoitwa master cha ngazi ya kwanza ni masomo ya kitaalamu ya krediti 60 baada ya shahada ya kwanza, na hakimwingizi mtu kwenye udaktari. Hispania ina master rasmi inayotambuliwa na dola, na pia ina vyeti ambavyo chuo hutoa chenyewe kwa jina lake. Vyeti hivyo vya pili vinaweza kuwa na jina la master, ada kubwa na walimu hodari, lakini havifungui udaktari.

Uingereza, Marekani na Kanada

Uingereza hutofautisha uzamili wa kufundishwa na uzamili wa utafiti. Ule wa kufundishwa, MA au MSc, huchukua mwaka mmoja na una krediti 180 za Uingereza. Kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za tasnifu inayoandikwa miezi ya kiangazi. Wa utafiti ni MPhil, au MRes iliyoanzishwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kuandaa watu kwa udaktari. Hata hivyo, MSc nyingi za kufundishwa hukubaliwa kama njia ya kuingia udaktari, na mwenye shahada ya kwanza yenye alama za juu anaweza kuingia bila uzamili kabisa. Ufadhili wa Chevening, ambao Wakongo wanaruhusiwa kuuomba, hulipia uzamili wa mwaka mmoja na hudai miaka miwili ya kazi.

Marekani ndiko uzamili wa kitaalamu ulikoota mizizi mirefu zaidi. Mwaka 1908 Harvard ilifungua shule ya biashara na kuanzisha MBA, shahada iliyosambaa duniani kote. Zikafuata za afya ya umma, ustawi wa jamii, ualimu, utawala na sanaa. Kwa kawaida zina krediti kati ya 30 na 60, hazina tasnifu ndefu, na hutosha kama kilele cha fani zake. Katika fani za sanaa, MFA humwezesha mtu kufundisha chuo kikuu bila udaktari. Kwa upande wa masomo ya kitaaluma, Marekani huwapokea wengi kwenye udaktari moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, na uzamili huwa kituo tu njiani. Kwa sababu hiyo, Mkongo anayetaka utafiti Marekani mara nyingine hufanya vizuri zaidi kuomba udaktari wenye ufadhili kuliko uzamili wa kulipia.

Québec inamfaa Mkongo kuijua kwa sababu ya Kifaransa chake. Maîtrise ya huko ina krediti 45 na hutolewa kwa njia mbili zinazotangazwa waziwazi: ile yenye tasnifu, na ile ya kitaalamu yenye masomo mengi pamoja na staji au insha ndefu. Tangazo la chuo huonyesha mapema ni ipi.

Afrika Mashariki, Afrika Kusini na China

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangazwa kuwa eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, na Kongo ikawa mwanachama kamili Julai 2022. Tangu hapo vyuo vya majirani vimekuwa chaguo la karibu zaidi kwa kijana wa Maniema anayejua Kiswahili na aliye tayari kujifunza Kiingereza.

Makerere kwa muda mrefu imeendesha uzamili wake kwa njia mbili: Plan A, yenye masomo na tasnifu kamili, na Plan B, yenye masomo mengi zaidi na mradi mfupi. Plan A ndiyo iliyozoeleka kwa wanaoelekea kwenye udaktari. Tanzania, vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa uzamili wa tasnifu pekee na uzamili wa masomo pamoja na tasnifu. Katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu, uzamili uko ngazi ya tisa na una krediti zisizopungua 180. Nairobi nako mwanafunzi wa programu nyingi huchagua kati ya tasnifu na mradi. Katika tiba, MMed ya Muhimbili au ya Makerere ni mfano wa uzamili wa kitaalamu wenye tasnifu ndani yake: daktari hukaa wodini miaka mitatu au zaidi, na hutoka akiwa bingwa wa upasuaji, watoto au uzazi.

Afrika Kusini imeliandika jambo hili kisheria. Mfumo wake wa sifa za elimu ya juu unaitambua shahada ya uzamili ya kawaida na shahada ya uzamili ya kitaalamu kama vitu viwili, vyote vya krediti 180. Hata hiyo ya kitaalamu inadaiwa kuwa na kazi ya kujitegemea isiyopungua robo ya krediti zake. Kanuni hiyo ina busara: inamlinda mwanafunzi wa kitaalamu asimalize bila kuandika chochote cha kwake.

China, ambayo kila mwaka huwapa Wakongo ufadhili, ilianza MBA mwaka 1991, na sasa zaidi ya nusu ya wanafunzi wake wa uzamili wako kwenye njia ya kitaalamu. Sheria mpya ya shahada, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inatofautisha shahada za kitaaluma na shahada za kitaalamu, na inamruhusu mwanafunzi wa kitaalamu kuwasilisha kazi ya vitendo badala ya tasnifu. Mfadhiliwa aulize mapema amewekwa upande upi, kwa sababu barua ya ufadhili na cheti ni karatasi mbili tofauti.

Krediti hazilingani

Krediti huwachanganya wengi. Ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima ni krediti 60. Ya Uingereza, Tanzania na Afrika Kusini ni saa 10. Kwa hiyo krediti 180 za Uingereza ni saa 1,800, ingawa kwa desturi huhesabiwa kuwa krediti 90 za Ulaya. Master ya krediti 120 ya Ufaransa ni saa 3,000 au zaidi. Marekani huhesabu saa za darasani kwa juma, na huko krediti 36 zinaweza kuwa uzamili kamili. Anayelinganisha tarakimu peke yake atadhani uzamili wa Tanzania ni mkubwa kuliko wa Ubelgiji na ule wa Marekani ni mdogo kuliko yote, na atakuwa amekosea mara mbili.

Utambuzi nao una ofisi zake. Shahada ya nje inayotumika Kongo hupelekwa kwenye Wizara ya Elimu ya Juu Kinshasa ili ipewe ulinganifu. Ya Kongo inayotumika Tanzania hupimwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, na inayotumika Uganda hupimwa na NCHE, baraza la elimu ya juu. Ofisi hizi hutazama muda wa masomo, krediti, uwepo wa tasnifu na hadhi ya chuo. Mwenye shahada akiwa na orodha kamili ya masomo na nakala ya tasnifu au ripoti yake, kazi huwa nyepesi.

Hakuna uzamili ulio duni

Desturi ya vyuo vyetu imekuwa kuuheshimu utafiti na kuutazama uzamili wa kitaalamu kama njia ya walioshindwa. Ni kosa. Jimbo lenye migodi, misitu na maeneo ya afya yenye watu waliotawanyika linahitaji mameneja wa afya, wahandisi, wakaguzi na wahasibu waliosoma kwa kina, na linahitaji pia watafiti watakaowafundisha. Uduni unatokea pale tu mtu anapopelekwa kwenye njia moja huku akiahidiwa matunda ya nyingine.

Kabla ya kulipa ada ya kwanza, mwanafunzi na familia yake wana haki ya kupata majibu ya maandishi kwa maswali matano. Uzamili huu ni wa utafiti au wa kitaalamu? Una krediti ngapi, na ngapi kati yake ni za tasnifu au staji? Nani atasimamia, na yuko chuoni au ni mgeni? Unafungua udaktari katika chuo hiki na katika vyuo vingine? Unatambuliwa na wizara, pamoja na ofisi za nchi ambako mwanafunzi anatarajia kufanya kazi?

Vyuo vya Kindu na vya mikoa jirani viyajibu maswali hayo hadharani, kwenye tangazo la kila master, kabla ya kufungua uandikishaji. Mzazi wa Punia anayeuza mpunga na mawese kumsomesha mwanawe anastahili kujua anachokinunua. Na chuo kisichoweza kuyajibu kisianzishe master mpaka kiweze.